Kwa nini Mũthoni huwa "M?thoni" kwenye kompyuta

Mtu anajaza fomu mtandaoni, anaandika Mũthoni. Risiti inatoka na "M?thoni". Hajakosea kuandika. Shida iko kwenye kanzidata, yaani ghala ambamo mfumo huweka taarifa zake.

Iko hivi. Kompyuta haijui herufi, inajua namba tu. Kila herufi hupewa namba yake. Orodha ya zamani iitwayo Latin-1 hutumia baiti moja kwa kila herufi, hivyo ina nafasi 256 tu. Kiswahili na Kiingereza vinaenea humo bila tabu. Lakini ũ na ĩ za Kikuyu na Kikamba hazimo, sembuse herufi za Kiarabu au Kiamhari.

Ndiyo maana ikaja Unicode, orodha moja kwa lugha zote, yenye herufi na alama zaidi ya 150,000. Njia ya kawaida ya kuzihifadhi ni UTF-8: herufi a huchukua baiti 1, ũ baiti 2, herufi ya Kiamhari 3, na emoji nyingi 4.

Basi fundi akichagua UTF-8 amemaliza? Bado. MySQL, kanzidata inayotumika sana, ina chaguo la zamani liitwalo "utf8" ambalo mwisho wake ni baiti 3. Emoji ikiingia, maandishi hukatika au mfumo huyakataa. Adlam, maandishi ya Kifulani yaliyobuniwa Guinea, nayo hukwama hapo hapo. Chaguo sahihi ni utf8mb4, lililoongezwa 2010 na kuwa la kawaida kwenye toleo la 8.0 mwaka 2018. Kanzidata za zamani lazima fundi azibadilishe mwenyewe.

Je, jina lililoharibika linarudi? Inategemea. Ukiona "MÅ©thoni", kuna matumaini: mara nyingi baiti zipo, ila zinasomwa kwa orodha isiyo yake. Lakini kama ndani ya kanzidata kumebaki "?", herufi imeshapotea. Itabidi mwenye jina aulizwe upya.

Kwa hiyo kabla mfumo haujafunguliwa kwa watu, ujaribiwe: hifadhi Mũthoni, neno la Kiamhari na emoji moja, kisha vifungue tena. Kimoja kikirudi tofauti, kagua jedwali, halafu kagua mawasiliano kati ya programu na kanzidata. Nayo pia huwekewa utf8mb4.