Nishani ya Vita vya Sanyuanli

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeshuka stesheni ya Sanyuanli, Guangzhou, kutafuta mikoba na nguo za jumla, huwa na haraka zake: bei, sampuli, kontena. Si mbali na masoko hayo lipo hekalu dogo la zamani ambalo tangu 1961 linalindwa na serikali ya China. Humo, Mei 1841, wakulima walikula kiapo cha kupigana na jeshi la Uingereza.

Vilikuwa Vita vya Afyuni. Waingereza waliteka vilima vya kaskazini mwa mji, na wakubwa wa mji wakakubali kulipa dola milioni 6 ili usivamiwe. Vijiji vya nje ya kuta havikuwa na wa kuvilipia. Askari waliviingia wakapora, wakafukua makaburi, wakawavunjia wanawake heshima. Inasimuliwa kwamba tarehe 29 Mei mkulima wa mboga, Wei Shaoguang, na jirani zake waliwageukia na kuwaua kadhaa.

Walijua kisasi kinakuja. Wakachukua bendera nyeusi ya nyota tatu kutoka hekaluni na kuapa: ikisonga watasonga, ikirudi watarudi. Masimulizi ya Kichina yanataja vijiji 103 vilivyoitika, watu wakija na majembe, mikuki na ngao.

Kesho yake, Waingereza walipowafuata mashambani, ilishuka mvua ya radi. Kikosi cha askari wa Kihindi kutoka Madras, wapatao 60, kilipotea katika mashamba ya mpunga yaliyofurika. Bunduki zao zilikuwa za gumegume. Baruti ikalowa, wakabaki na singe tu. Walijipanga mraba, migongo ndani, wakazungukwa na mikuki mpaka usiku, walipookolewa na wanamaji wenye bunduki za fataki, ambazo hazikujali mvua. Mtanzania hawezi kusoma habari hii asimkumbuke Kinjikitile, mganga wa Vita vya Maji Maji. Miaka 64 baadaye watu wa Kusini waliamini maji yangezishinda risasi za Wajerumani. Huku Guangzhou maji yalizishinda kweli, kwa saa chache.

Tarehe 31 umati uliizingira ngome ya Waingereza vilimani. Aliyeutawanya ni ofisa wa mji wao wenyewe, Yu Baochun, aliyewabana wazee wa vijiji warudishe watu wao makwao. Hapo ndipo panaponiuma zaidi kuliko pote.

Nishani ya vita hivyo ilitoka Uingereza: ya fedha, upande mmoja sura ya Malkia Victoria, upande wa pili silaha na ngao chini ya mti wa mtende. Walipewa waliopigana vita vile kwa upande wake, askari wa Madras wakiwemo. Wanakijiji walisubiri hadi 1950, dola ya Qing ikiwa imekwisha kuanguka, ndipo mnara wa mawe ukajengwa Sanyuanli. Maandishi yake hayataji jina la mtu hata mmoja; yanawaenzi wote waliokufa.