Kindi na Taa: Hesabu Mbili za Uzazi

Juma hili nakuletea viumbe wawili ambao hawajapata kukutana: kindi, yule mnyama mdogo wa mitini, na taa, samaki bapa wa baharini. Ndiyo, namsema taa wa majini, si ile ya kuwasha usiku.

Wote wawili husifika kwa mkia. Kindi huutumia kushika mizani arukapo tawi hadi tawi, na huutikisa akiona hatari. Taa wengi wana mwiba wa sumu mkiani, na mvuvi aliyechomwa hasahau. Kindi ana mifupa. Taa hana hata mmoja. Mwili wake umeshikwa na gegedu, kama wa papa, ndugu yake.

Lakini tofauti ninayotaka uijue ni ya uzazi. Kindi mwekundu wa misitu ya pwani yetu hubeba mimba miezi miwili hivi, akazaa mtoto mmoja au wawili. Sasa mtazame taa mkubwa aitwaye manta. Yeye hubeba mimba mwaka mzima, akazaa kwa kawaida mtoto mmoja tu, kisha hupita miaka 2 au zaidi kabla hajazaa tena. Na mtoto huyo hungoja miaka mingi kabla ya kuwa mzazi.

Piga hesabu. Kindi wakipungua msituni, na msitu ukabaki umesimama, baada ya miaka michache watajaa tena. Jarife likimnasa manta mwenye mimba, limechukua mama, limechukua mtoto, na wajukuu hawatakuwapo. Ndiyo sababu mwaka 2013 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kudhibiti biashara ya kimataifa ya manta.

Simlaumu mvuvi, naye ana watoto wa kulisha. Ninachosema ni kwamba tumezoea kudhani kila samaki hutaga mayai kwa maelfu. Dagaa ndivyo alivyo, taa sivyo. Kwa hiyo wanaopanga kanuni za nyavu wasiwapime kwa kibaba kimoja. Nawe uendaye mnadani kutafuta kitoweo, muulize muuzaji: huyu ni taa wa aina gani? Akiwa manta, mwache, ununue changu au kibua.

Akiba haiozi, lakini huisha ikichotwa upesi kuliko inavyojazwa.