Magofu ya Tongoni na Visiwa vya Tanga: Safari ya Mashua

Waamini wengi wakisikia habari za kutembelea magofu kwa chombo kidogo, huwaza visiwa vya Ugiriki, alikopita Mtume Paulo akigusa Mitilene, Kio na Samo, kama isimuliavyo sura ya 20 ya Matendo ya Mitume. Ni safari njema kwa mwenye nauli. Lakini sisi wa Tanga tunayo bahari ambayo Wagiriki wenyewe waliiandika. Kitabu cha Kigiriki cha mwongozo wa mabaharia, cha karne ya 1, chataja mitumbwi ya gogo ya pwani hii, mashua zilizoshonwa kwa kamba, na watu wa kisiwa kimoja waliovua kwa mitego iliyosukwa kama vikapu. Leo mvuvi wa visiwani hamhitaji mfasiri wa kumweleza mtego huo: ni dema.

Mahali pa kwanza pa kufika ni Tongoni, kilomita zipatazo 17 kusini mwa mji wa Tanga, penye ghuba ya Mtangata. Tongo ni mahali palipohamwa, na jina hilo lasema kweli. Msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa umebaki kuta tu, na kando yake yapo makaburi yapatayo 40, baadhi yake yenye nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka. Ukizitazama kwa makini utaona vishimo vya mviringo: humo vilipachikwa vyombo vya kaure kutoka China, ushahidi kwamba mji huu wa karne ya 14 na 15 haukuwa kijiji cha pembezoni.

Sisi Wakristo tuna sababu yetu ya kutulia hapa. Tarehe 6 Aprili 1498, Ijumaa iliyotangulia Jumapili ya Matawi, mojawapo ya merikebu za Vasco da Gama ilikwama katika mafungu ya bahari ya Mtangata. Iliitwa São Rafael, kwa jina la Malaika Mkuu aliye msimamizi wa wasafiri. Wenyeji hawakuja na mikuki. Walikuja na mitumbwi iliyopakia machungwa, ambayo mwandishi wa safari ile alikiri kuwa ni bora kuliko ya Ureno. Maji yalipojaa, merikebu ikaelea. Januari 1499, wakirejea kutoka India, mabaharia walikuwa wamepukutika kwa maradhi hata hawakutosha vyombo vyote, wakaichoma São Rafael papa hapa. Katika siku 15 walizokaa, watu wa Mtangata waliwauzia kuku. Sanamu ya Malaika iliyokuwa chomboni ipo Lisbon hadi leo. Ya wale waliotoa machungwa, tunayo makaburi haya.

Ndiyo maana inatusikitisha kuona mgeni akikaa juu ya kaburi ili apigwe picha. Nani kati yetu angevumilia jambo hilo katika makaburi ya parokia yake, tena mwezi wa Novemba? Marehemu hawa ni wazee wa jirani zetu Waislamu. Basi tupige hodi kijijini kwanza, tumwone mwangalizi wa magofu, tuvae kwa heshima, wala tusiokote hata kigae. Bahari nayo inaumega ufuko wa pale. Mawe yasiongezewe adui wa pili.

Kisiwa cha Toten, mkabala na bandari ya Tanga, ni karibu zaidi. Wajerumani walikiita cha wafu, nacho kina mabaki ya misikiti na makaburi. Wakazi wake walihamia bara katika karne ya 19. Vichaka vimefunika mengi, kwa hiyo nusu siku yatosha.

Kwa Tongoni, nahodha aulizwe mapema habari za maji. Wakati wa bamvua bahari hukupwa mbali sana, na kikundi kilichochelewa kwenye magofu hurudi mashuani kwa miguu, matope yakiwa magotini, viatu mkononi.