Akivunjika Mguu Mlinzi wa Nyumba

Mbwa wa nyumbani hana mshahara wala likizo. Hukesha mlangoni usiku kucha, na kukipambazuka huwasindikiza watoto mpaka njia panda ya shule. Aghalabu hatuukumbuki utumishi wake mpaka siku anapogongwa na gari. Hapo majirani hukusanyika, na kabla damu haijakauka hutolewa shauri lile lile: “Huyo amekwisha, mmalizeni tu.” Tunakuomba usiharakishe kulipokea shauri hilo. Mbwa wengi waliovunjika mifupa hupona. Kupona kwao hutegemea sana yale yatendwayo na watu wa nyumba katika saa ya kwanza, na katika majuma mengi yanayofuata.

Katika saa ya kwanza, jilinde wewe mwenyewe kabla ya yote. Mbwa mwenye maumivu makali huweza kuung'ata hata mkono unaomlisha. Watoto na wakae mbali. Mfunge mdomo kwa kitambaa laini, pua ikiwa wazi. Lakini usimfunge kamwe iwapo anatapika, anahema kwa shida au ameumia taya. Ikitokea amemng'ata mtu, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha mtu huyo aende hospitali siku hiyo hiyo akashauriwe juu ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Maradhi hayo yakishaonyesha dalili, ni nadra mno mtu kunusurika.

Penye kuvuja damu, bonyeza kitambaa safi kwa dakika 5 mfululizo bila kufunuafunua. Kisha tazama fizi. Fizi za mbwa mwenye afya huwa na rangi ya waridi, isipokuwa kwa wale wenye fizi nyeusi kwa asili. Zibonyeze kwa kidole, na weupe unaobaki sharti utoweke katika muda wa sekunde 2 hivi. Zikiwa nyeupe kama chaki na miguu imepoa, ujue kwamba damu haizunguki vema, na huenda inavuja ndani ya mwili. Hapo mguu uliovunjika si jambo la kwanza tena. La kwanza ni kumwahi daktari. Mlaze juu ya ubao, au juu ya blanketi lililoshikwa na watu wawili na kuvutwa likanyooka kama machela. Usijaribu kuunyoosha mguu uliopinda.

Yapo pia mambo ya kuacha. Usimpake jeraha majivu, mafuta ya taa wala mafuta machafu ya gari. Wala usimpe vidonge vya maumivu vya binadamu kwa huruma yako. Paracetamoli, ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupatikana katika kila duka la dawa, zaweza kumharibu mbwa ini, figo au tumbo, na hata kumwua.

Daktari wa mifugo ndiye atakayeamua namna ya tiba. Ukiwa hujui pa kumpata, anzia kwa afisa mifugo wa kata au wa wilaya yako. Walio karibu na Morogoro wanayo pia hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mfupa uliovunjika chini ya goti au chini ya kiwiko waweza kuungwa kwa banzi au kwa plasta. Ule wa paja haufungiki vizuri kwa njia hiyo, nao huhitaji upasuaji na kutiwa chuma. Pengine mguu umesagika usiokoleke, na daktari akashauri ukatwe. Shauri hilo lisikutie hofu, kwani mbwa wengi wenye miguu mitatu hutembea, hukimbia na hulinda nyumba kama zamani.

Lakini ziko siku ambazo uti wa mgongo umekatika, au maumivu hayana mwisho. Daktari akikuambia kwamba huruma iliyobaki ni sindano ya kumpumzisha, kukubali si usaliti. Usaliti ni kumtupa jalalani angali hai, au kumpiga mawe. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo ili wanyama wasitendewe ukatili wa namna hiyo.

Sasa tuje kwenye majuma ya uuguzi, ambako familia nyingi huchoka. Mfupa wa mbwa mzima huchukua majuma 8 hadi 12 kuunga. Wa mtoto wa mbwa huwahi zaidi. Katika muda huo mgonjwa akae mahali padogo, pakavu na penye kivuli, asiruke wala kukimbia. Ajabu ni kwamba hatari huwa kubwa anapoanza kujisikia vizuri, kwa maana hudhani amepona, naye huvunja tena kilichokwisha kuanza kuunga.

Kazi na zigawanywe nyumbani, asiachiwe mama peke yake. Mmoja atazame vidole vya mguu uliofungwa kila asubuhi na jioni. Vikivimba, vikiwa baridi, au bandeji ikitoa harufu, daktari aitwe. Mwingine amgeuze ubavu kila baada ya saa 4 ikiwa hawezi kusimama, asije akapata vidonda. Khanga kuukuu ikikunjwa na kupitishwa chini ya tumbo, mbele ya mapaja, itamwinua kiuno anapokwenda haja. Akipitisha siku nzima bila kukojoa, hilo ni la daktari. Chakula kiwe kidogo kuliko kawaida, kwa kuwa hafanyi kazi, ila kiwe na dagaa, nyama au mayai. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, wala mabaki yenye vitunguu, ambavyo huharibu damu yake.

Na watoto je? Waambieni kweli. Mkisema “atapona kesho,” kesho itawasuta. Waelezeni kwamba mfupa huunga polepole, kisha wapeni kazi yao, kama vile kubadilisha maji ya kunywa au kuketi karibu naye akiisha tulia. Mtoto anayebeba bakuli la maji kwa majuma 10 hujifunza kwamba mgonjwa haachwi kwa sababu hana kazi. Somo hilo litamfaa hata siku ya kuwauguza wazazi wake.

Wahenga walisema mbwa hafi maji akiona ufuo. Kwa mbwa aliyelala na mguu uliovunjika, ufuo wenyewe ni ninyi watu wa nyumba yake. Basi leo hii, angali mzima, tengeneza ua usiku asizurure barabarani, hakikisha chanjo yake haijapitwa na wakati, na uandike namba ya daktari wa mifugo mahali ambapo kila mtu nyumbani ataiona.