Ungoni: Watu, Dini na Utawala

Kada anapohamishiwa Songea huambiwa mara moja kwamba hii ni nchi ya Wangoni, kabila la vita lililotoka kusini. Kauli hiyo si uongo, ila inaficha mengi. Ungoni ya karne ya 19 haikuwa kabila, ilikuwa dola.

Waliotoka kusini kwa Wanguni walikuwa wachache. Walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na kila walikopita walizoa watu wa makabila mengine. Zwangendaba alifia Ufipa, wafuasi wake wakagawanyika. Waliofika Songea waliwakuta Wangoni wenzao wa Maseko, wakawafukuza hadi Malawi ya leo, kisha wakawatawala wenyeji, hasa Wandendeule, ambao waliwaita sutu. Vijana waliotekwa waliingizwa vitani. Aliyekuwa shujaa naye alijipatia mateka wake. Hivyo aliyetekwa jana aligeuka mtekaji. Lakini watoto walilelewa na mama wenyeji, na Kingoni cha leo kiko karibu zaidi na Kindendeule kuliko Kizulu. Washindi walishindwa na lugha.

Utawala ulikuwa wa falme mbili, Njelu na Mshope, kila moja na nkosi wake. Chini yake walikuwa manduna, na hapo ndipo penye siri ya dola hii: mali kubwa ilikuwa watu, kwa hiyo nduna mwenye wafuasi wengi alikuwa na sauti ya kumtikisa nkosi. Ndiyo maana Wajerumani walipojenga boma mwaka 1897, mahali pale pakapata jina la Nduna Songea Mbano, wala si la nkosi.

Kuhusu dini, Mungu aliitwa Chapanga, lakini maombi ya kila siku yalipitia kwa mizimu ya wazee. Mwaka 1905 ilipofika dawa ya maji, mtawala na sutu walikunywa dawa moja. Tusiharakishe kusema kwamba matabaka yalifutika. Katika Ungoni vita viliongozwa na nkosi na manduna wenyewe, waliotaka kurudisha mamlaka waliyonyang'anywa na Wajerumani. Misheni ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, ilichomwa moto. Tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama wa Njelu na wenzake wengi walinyongwa Songea. Wengi wao walibatizwa kwanza. Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji na kufia huko. Wajerumani walichoma mazao, na njaa ikaua kuliko risasi.

Dini mpya zilifuata mipaka ya dola ya zamani. Wangoni wengi wa magharibi waliingia Ukatoliki wa Peramiho. Wandendeule wengi wa mashariki waliupokea Uislamu, uliokuja kwa njia ya biashara ya Kilwa. Utumishi wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963. Hata hivyo, ukifika Namtumbo ukamwita Mndendeule Mngoni, atakusahihisha.