Jua Likitapika Moto, Nani Anapandisha Watu Kutoka Chini?

Ndugu watumikaji, mutu wa kazi ya chini ya udongo anaweza kumaliza zamu muzima bila kuona jua. Njo maana wengi watashangaa tukisema kama jua linaweza kukata umeme wenye kupandisha kaje. Tuangalie mambo yenye ilitokea kule Québec, Kanada, inchi ya migodi kama yetu. Usiku wa tarehe 13/3/1989, umeme wa jimbo muzima ulianguka kwa segonde 92 tu. Watu karibu milioni 6 walibakia mu giza, na wengi walingojea saa 9. Hakuna mutu aliyekata waya. Ilitoka ku jua.

Namna gani? Jua liko na madoadoa meusi. Kila miaka karibu 11 ile madoadoa inakuwa mingi, na wakati ule jua linalipuka mara na mara. Mwangaza wa mulipuko unafika huku kwa dakika 8. Lakini mara ingine jua linatapika pia wingu kubwa la chembe zenye umeme, na lile linatembea siku moja mupaka tatu. Likigonga sumaku ya dunia, sumaku inatikisika, na umeme mugeni unazaliwa mu udongo. Fasi kwenye mawe ni magumu, kama kule Québec, ule umeme unakosa njia muzuri chini. Unapanda kupitia waya ya terre ya transfo, unaingia mu laini ndefu. Transfo inapata moto, masini ya ulinzi inaruka, laini moja inaangusha ingine.

Tuseme ukweli: sisi wenye kuwa karibu na ikweta, ile hatari ya transfo ni kidogo kuliko ya Kanada. Lakini tusilale. Kisha dhoruba za mwisho wa mwaka 2003, wainjinia wa Afrika Kusini walikuta transfo kubwa zimeharibika ndani. Na laini za Katanga zimeungana na za kusini kupitia Zambia. Tena, mulipuko wa jua ukifika muchana, phonie inaweza kunyamaza dakika nyingi, hata saa nzima. Na huku kwetu, kisha jua kushuka, anga la juu linachafuka, zaidi mu miaka ya madoadoa mingi. GPS inayumba. Mu karieri ya wazi, GPS njo inaongoza masini ya kutoboa, makamyo na kazi ya watopografe.

Kuko watu wenye kuchunga jua usiku na muchana. Kule Boulder, Marekani, wanapokea habari za setelite zenye kusimama kilometre milioni 1,5 kutoka dunia. Wingu likipita pale, inabakia dakika 15 ao saa moja tu mbele ya kutufikia. Kule Hermanus, Afrika Kusini, kuko kituo chenye kufanya kazi saa 24 tangu mwaka 2022. Na kule Uccle, Brussels, wanahesabu madoadoa ya jua kwa ajili ya dunia yote. Dhoruba wanaipima kuanzia G1 mupaka G5. Tarehe 10/5/2024 ilifika G5, ya kwanza tangu mwezi wa 10 mwaka 2003. Marekani, walimaji walisimamisha matrakta katikati ya kupanda, sababu GPS ilipotea.

Sasa ile inatuhusu nini sisi? Mambo mawili. La kwanza: patron akisema «ni jua», musikatae na musikubali mara moja. Matangazo ya vile vituo ni ya watu wote, iko na tarehe na kipimo. Delege aombe kuyaona. Kama siku ile hakukuwa dhoruba, kompanyi itafute sababu ingine.

La pili ni kubwa zaidi. Umeme ukikatika juu ya jua ao juu ya délestage, mutu mwenye kuwa chini anakuta giza ile ile, na maji inapanda vile vile. Basi mu mukutano wa komite ya usalama, muulize:

– Groupe ya akiba inatosha kaje, pompi na hewa kwa saa ngapi? Ilijaribiwa siku gani?

– Ngazi za kutokea ziko wazi mupaka juu?

– Majina ya wenye kuwa chini yameandikwa ku karatasi, ao iko paka mu ordinatere?

– GPS ikipotea, nani ana ruhusa ya kusimamisha makamyo, na mushahara wa zamu ile utalipwa?

Majibu iandikwe mu PV, na delege abakie na kopi. Wamama mu nyumba, nanyi muulize bwana zenu kama walipata majibu.

Jua hakuna mutu wa kulipangia horaire. Groupe, ngazi na karatasi ya majina, ile patron anaweza kuipanga tangu leo.