Pazia si ukuta: namna ya kufunga mzigo kwa mikanda

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. UNASHUKA TARATIBU.]

MTANGAZAJI 1: Leo tunazungumza nanyi kutoka Dranya, wilayani Koboko. Mada yetu ni kibarua ambacho wengi wenu mnakifahamu: kupakia na kupakua malori.

MTANGAZAJI 2: Malori yanayoleta mizigo kutoka Kampala husafiri karibu kilomita 500 kabla ya kufika Arua. Mengine huendelea kwa barabara ya lami hadi Koboko, na mengine hadi Oraba, mpakani na Sudan Kusini. Katika safari yote hiyo, ni nini hasa kinachozuia mzigo usianguke?

MTANGAZAJI 1: Tuanze na lori lenyewe. Umeyaona yale malori marefu yasiyo na mbao wala mabati ubavuni. Kila ubavu una turubai nene linalovutwa kama pazia la mlangoni, kisha linakazwa kwa vifungo upande wa chini. Ni lori rahisi kupakia, kwa sababu ukivuta pazia unaufikia mzigo wote.

MTANGAZAJI 2: Na hapo ndipo watu wanapokosea, dada. Pazia likishafungwa, lori linaonekana kama lina ukuta. Lakini pazia la kawaida limewekwa kuzuia mvua, vumbi na mikono ya wezi. Halikutengenezwa kubeba uzito wa mzigo. Kinachoshika mzigo ni mikanda iliyo ndani.

[MLIO WA LORI LIKIFUNGA BREKI.]

MTANGAZAJI 1: Msikilizaji, lori likiwa linakwenda, mzigo nao unakwenda kwa kasi ileile. Dereva akikanyaga breki, lori linapunguza mwendo, lakini mzigo unataka kuendelea mbele. Lori likikata kona, mzigo unataka kwenda moja kwa moja, yaani kuelekea kwenye pazia.

MTANGAZAJI 2: Wako wanaosema, "Mzigo huu ni mzito, hauwezi kuhama." Si kweli. Uzito unaoushikilia mzigo sakafuni ndio huohuo unaousukuma lori linapofunga breki. Kanuni ya Ulaya ya kufunga mizigo, inayoitwa EN 12195-1, inataka mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya sehemu 8 katika 10 za uzito wake. Ubavuni na nyuma, uzuiwe kwa nusu ya uzito wake.

MTANGAZAJI 1: Tupige hesabu, kaka. Chukua magunia 20 ya unga wa posho, kila moja kilo 50. Hiyo ni tani moja. Tuseme msuguano wa sakafu unashika sehemu 4 katika 10, yaani kilo 400. Breki kali inasukuma kama kilo 800. Zinabaki kilo 400 ambazo hazina wa kuzishika.

MTANGAZAJI 2: Hapo ndipo mkanda unapoingia. Mkanda unaopita juu ya mzigo unaukandamiza sakafuni, na msuguano unaongezeka. Lakini angalia lebo ya mkanda wako. Utaona herufi LC, na mara nyingi namba 2500 ikifuatiwa na daN. daN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Wengi huisoma namba hiyo wakadhani mkanda unabana kwa kilo 2500. Sivyo. Hiyo ni nguvu ya juu kabisa ambayo mkanda unaruhusiwa kuvutwa.

MTANGAZAJI 1: Namba ya kutazama ni ile iliyo karibu na herufi STF. Hiyo ndiyo nguvu ambayo mkono wako unaitia mkanda kwa kukaza racheti. Mara nyingi ni 300 tu, au zaidi kidogo. Mkanda mmoja unashuka pande mbili, kwa hiyo hali ikiwa nzuri kabisa unakandamiza kwa kilo 600. Sehemu 4 katika 10 za hizo ni kilo 240. Mkanda mmoja haujatosha kwa zile kilo 400. Miwili inafikia 480, ila njiani nguvu hupungua kwenye kona za mzigo. Basi kwa tani hiyo moja, weka mitatu.

MTANGAZAJI 2: Ndiyo maana mpakizi mwenye uzoefu huanza kupanga mzigo ukiwa umegusa ukuta wa chuma ulio mbele, nyuma ya kebini. Ukuta huo ukiwa mzima, unasaidia kuzuia mzigo usikimbilie mbele. Usiache nafasi katikati ya mzigo. Nafasi ndogo ni njia ya mzigo kupata kasi.

MTANGAZAJI 1: Sasa shika mkanda wako, tufuate hatua.

Kwanza, ukague. Mkanda uliokatika ukingoni, ulioungua au usio na lebo, uweke pembeni. Usifunge fundo mahali palipokatika, kwa maana fundo hupunguza sana nguvu ya mkanda.

Pili, tia kulabu kwenye pete au fremu ya chuma ya sakafu. Usitie kwenye pazia wala kwenye reli yake.

Tatu, pitisha mkanda juu ya mzigo bila kuusokota. Penye kona kali, weka kipande cha ubao au boksi gumu, ili mkanda usikatwe na gunia lisitobolewe.

Nne, hakikisha mkanda unashuka karibu wima. Ukilala hadi kufikia nyuzi 30 kutoka sakafuni, unakandamiza kwa nusu tu ya nguvu yake.

Tano, kaza racheti. Mkanda ujizungushe kwenye mhimili wake angalau mara moja na nusu, lakini usizidi mara tatu. Usiongeze bomba kwenye mkono wa racheti. Mwishoni, hakikisha mkono huo umelala na umejifunga.

MTANGAZAJI 2: Na kazi haijaisha. Magunia hujipanga upya lori likitikisika, rundo linashuka, na mkanda uliokuwa umekaza unalegea. Mkumbushe dereva au tanboi asimame baada ya kilomita chache akaze tena. Afanye hivyo pia kila baada ya barabara ya mashimo.

[KIMYA KIFUPI.]

MTANGAZAJI 1: Msikilizaji, hatari kubwa kwa mpakuaji iko mwisho wa safari. Lori limefika, watu wana haraka, na wewe unaambiwa ufungue pazia. Simama kwanza. Litazame pazia kutoka mbele hadi nyuma. Kama limetoa tumbo, mzigo umeliegemea, na kinachouzuia ni vile vifungo unavyotaka kuvifungua. Usifungue. Mwite dereva, waondoe watu upande huo, mzigo upunguzwe kwa kupitia upande wa pili au mlango wa nyuma.

MTANGAZAJI 2: Hata pazia lisipokuwa na tumbo, simama pembeni unapofungua, usisimame mbele ya mzigo. Watoto wasogee mbali kabisa. Wala usilegeze mkanda kabla ya kutazama kama rundo limeinama.

MTANGAZAJI 1: Na usikubali lifti ya kukaa juu ya mzigo au katikati yake. Breki ikipigwa, mwili wako nao ni mzigo usiofungwa.

MTANGAZAJI 2: Najua kibarua anaogopa kusema, asije akakosa kazi ya kesho. Semeni pamoja, kikundi kizima, kabla kazi haijaanza: "Bosi, tunakagua kwanza, kisha tunafungua." Lori ni la tajiri, lakini mguu ni wako.

[MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA.]

MTANGAZAJI 1: Maswali ya kujadili katika kikundi chenu cha wasikilizaji:

1. Mnapopakua lori, nani hulikagua pazia kabla halijafunguliwa?
2. Mikanda mnayotumia ina lebo? Someni pamoja namba ya STF.
3. Mkikuta pazia limetoa tumbo, mtamwambia nini dereva mwenye haraka?

MTANGAZAJI 2: Fanyeni kazi salama, mrudi nyumbani wazima.

[MUZIKI WA KUFUNGIA.]